Uliza Mwalimu: Neno moja "charge", kazi zake kibao

Mwangaluka wasomaji! Safari hii karibu kila meseji iliyoingia inauliza neno moja la Kiingereza, charge, na aliyeanzisha ni huyu dada wa mapokezi ambaye tunaanza naye, swali lake liliposomwa ofisini watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Basi nikaona ukurasa wote uwe wa hilo neno tu, nyie wa affect na effect mnisubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye hoteli moja huku Capri Point. Mgeni mzungu alikula sato pale chini mgahawani, alipomaliza akaniambia "charge it to my room please", mi nikajua simu imezima nikampelekea chaja chumbani, akashukuru vizuri tu akalala. Asubuhi kaondoka, bili ya sato haipo popote na bosi anataka nilipe mimi. Alimaanisha nini yule?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Alimaanisha hela ya sato iandikwe kwenye bili ya chumba ili alipe yote siku anaondoka. Kilichokupoteza ni kwamba hukuiangalia hiyo "to". Charge ikifuatiwa na to ujue kuna deni linaandikwa mahali, to my room, to the company, to my account, na hapo unakamata daftari siyo waya. Angekuwa anataka umeme angeitaja simu yenyewe, "can I charge my phone", au angeomba charger moja kwa moja. Na yeye alishukuru kwa sababu chaja nayo alikuwa anaihitaji labda, nani anakataa chaja? Hilo la bosi wako siyo la safu hii, ila mi ningemwandikia mgeni imeili ya heshima nimweleze, namba ya pasipoti na imeili si aliandika kwenye kitabu cha wageni.

SWALI: Mwalimu mambo. Nasoma SAUT pale Malimbe. Naomba kujua kwa nini Waingereza wametumia neno moja kwa vitu visivyohusiana kabisa, bei, kesi, umeme, uongozi, na tembo akikukimbilia. Waliishiwa maneno?

JIBU: Hawakuishiwa, na vinahusiana kuliko unavyodhani. Warumi wa zamani walikuwa na gari la kukokotwa wakiliita carrus, neno ambalo nao walilichukua kwa watu wa Gaul, huko ambako leo ni Ufaransa. Kupakia mzigo juu ya hilo gari ikawa carricare, Wafaransa wakaibana ikawa charger, halafu Kiingereza kikaichukua huko kwa Wafaransa miaka ya 1200. Mpaka leo Mfaransa akipakia lori anasema charger. Kwa hiyo maana ya mwanzo kabisa ni ile kazi inayofanyika kila asubuhi pale Mlango Mmoja, mtu na mkokoteni wake anatwikwa magunia.

Ukishajua ni kutwika mzigo, mengine yote yanajipanga. Ukitwikwa gharama ni bei, ukitwikwa kosa ni shtaka, ukitwikwa kazi na dhamana ya watu ni uongozi, bunduki ikitwikwa baruti nayo ni charge na huko ndiko umeme ulikopitia, nitaeleza kwa yule mvuvi anayeuliza habari ya betri hapo chini. Sisi wenyewe si tunasema nimebebeshwa kesi, nimebebeshwa deni? Sasa tofauti ni kwamba sisi tumeacha kitenzi kifanye kazi ya picha, wao wameacha neno lenyewe liote mizizi kila upande. Na ndugu zake wamejaa tele, cargo ile ya bandarini Mwanza South ni damu moja, carry ni damu moja, hata car. Caricature, ile michoro ya kuwakuza wanasiasa pua na tumbo, nayo imetokea kwa Waitaliano, mchoro uliotwishwa kuliko uwezo wake. Na kule ubalozini ukisikia chargé d'affaires, yule anayekaimu wakati balozi hayupo, ni Kifaransa kitupu, aliyetwikwa shughuli.

SWALI: Mwalimu mimi ni mama wa hapa Igoma. Mdogo wangu alikamatwa na makokoro huko Ukerewe, jina lake likatoka kwenye gazeti la Kiingereza wameandika "charged with illegal fishing". Mtaani wameshatangaza kafungwa na wengine wamekuja kabisa kutoa pole. Kafungwa kweli?

JIBU: Hapana mama, na hao wa pole wangesubiri kwanza. Charged with maana yake amefikishwa mahakamani na kusomewa shtaka, basi, hapo hakuna mtu aliyesema ana kosa. Kiingereza cha mahakama kina ngazi zake na waandishi wanazifuata kwa makini maana wakikosea wanashtakiwa wao. Arrested ni amekamatwa, charged ni amesomewa mashtaka, convicted ni mahakama imemtia hatiani, sentenced ndo amepewa adhabu. Mdogo wako yuko ngazi ya pili. Na Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ana hatia, hiyo wasomee hao majirani. Ile karatasi inayoitwa charge sheet ni hati ya mashtaka, omba nakala umpe wakili aangalie kosa limeandikwaje na chini ya sheria gani, na uliza habari ya dhamana mapema usikae kusubiri watu wakuambie.

Kitu kimoja kwa wengine mnaoandika andika Kiingereza: kosa linakwenda na with, hela inakwenda na for. "He was charged with fishing" ni kesi. "He was charged for fishing" mtu anaweza kuelewa jamaa alilipishwa kiingilio cha kuvua. Kaneno kadogo vile, mmoja yuko rumande mwingine yuko matembezini na ndoano.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Sisi ni wavuvi wa dagaa upande wa Kome. Karabai tumeachana nazo siku hizi ni taa za betri. Fundi wetu anasema betri yetu ya N70 haishiki charge, fundi mwingine anasema charge inavuja, na mwanangu wa fomu thrii anasema eti charge haijazwi wala haiishi. Nani mkweli? Na hiyo AH iliyoandikwa ubavuni ni nini?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera una mtoto anasikiliza darasani, maana yeye ndo kashika penyewe japo mafundi nao hawajadanganya.

Tuanze na neno. Kwa wenye bunduki na mizinga, charge ilikuwa ni kile kipimo cha baruti unachosindilia kabla ya kufyatua. Karne ya 18 watu wakaanza kuchezea umeme wakauona nao kama kitu unachosindilia ndani ya chombo halafu unatoka kwa kishindo, wakaazima maneno ya vita. Benjamin Franklin wa Marekani, miaka ya 1740 hivi, ndiye aliyetuletea habari ya chaji chanya na chaji hasi, na hata neno betri yeye ndo alilichukua kwa wapiga mizinga, kwao betri ni mizinga kadhaa imepangwa pamoja ipige kwa mkupuo. Kwa hiyo ukibeba betri kwenda mtumbwini unabeba Kiingereza cha jeshi.

Sasa mwanao anachosema ni hivi, kile chaji cha fizikia hakiongezeki ndani ya betri ukiichaji. Kinachoingia upande mmoja kinatoka upande wa pili, ikiwa imejaa au imekwisha hesabu ya chaji mle ndani ni ile ile. Kinachobadilika ni kemikali, risasi na tindikali. Chaja inazilazimisha zirudi kwenye hali yenye nguvu, taa inaziachia zishuke taratibu. Ndo maana mkisema "kujaza chaji" mnaeleweka vizuri mtaani, mwalimu wa fizikia atakuna kichwa.

AH ni ampea-saa, yaani ampea mara saa. N70 kwa kawaida ni AH 70, yaani kama inavyopimwa kiwandani inaweza kutoa ampea tatu na nusu kwa saa 20. Wanaopenda namba kubwa kubwa wanapima chaji kwa kulombi, jina la Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, ampea moja kwa saa moja ni kulombi 3,600 kwa hiyo hiyo betri yako ni kulombi 252,000, peleka hiyo mwaloni uone watu watakavyokuangalia. Hesabu inayokufaa wewe ni nyingine, AH 70 mara volti 12 unapata wati-saa 840. Ila betri ya risasi ukiizoesha kwenda chini ya nusu unaiua, chukulia 420 tu. Taa zako zote zikiwa na jumla ya wati 40 basi una saa kumi na nusu, usiku mzima wa giza unavua bila wasiwasi. Mkiongeza taa mpaka wati 80 kwa betri hiyo hiyo msimlaumu fundi, mtakuwa mnarudi na giza baada ya saa tano na robo.

Na mafundi? "Haishiki charge" ni kwamba bamba zimeshaganda salfeti, mara nyingi kwa sababu betri ililazwa tupu siku nyingi, kwa mfano kipindi cha mbalamwezi mmepumzika na betri imewekwa pembeni haina kitu. Ichajini kwanza ndo mpumzike. "Inavuja" inatokea pia, juu ya betri pakiwa na maji na uchafu umeme unapita kidogo kidogo kutoka kichwa hiki kwenda kile, futa na kitambaa kikavu. Charge ya fundi na charge ya mwalimu wa fizikia ni vitu viwili, hapo ndo mlikuwa mnapishana.

SWALI: Mwalimu mi ni dereva wa watalii, naingilia sana Serengeti kwa geti la Ndabaka. Wageni wanasema tembo "charged", "chased" na "attacked" kama vile ni kitu kimoja. Ni kimoja?

JIBU: Siyo kimoja kaka na kwa kazi yako tofauti hiyo ina thamani. Charge ni kule kuja mbio moja kwa moja kukuelekea wewe, haijalishi kama atakufikia. Chase ni kufukuza kitu kinachokimbia. Attack ni kushambulia kwenyewe. Ndo maana kuna mock charge, tembo anakuja masikio kayatanua, kichwa juu, anapiga kelele na kurusha vumbi halafu anasimama, huyo anakutisha. Yule aliyebana masikio nyuma, mkonga kaukunja ndani na kaja kimya, huyo ni real charge, mgeni akiuliza maana ya neno mwambie utamweleza mbele ya safari.

Ni neno la wapanda farasi wa vita hili. Tarehe 25 Oktoba 1854 pale Balaklava kwenye vita vya Crimea, wapanda farasi wa Kiingereza zaidi ya 600 walifanya charge kuelekea mizinga ya Warusi kwa sababu amri ilieleweka vibaya, wakapukutika. Na nyie mnaokwenda CCM Kirumba, kile kikumbo cha bega kwa bega mtangazaji wa Kiingereza anaita shoulder charge, kwenye sheria za mpira charge ya kizembe au ya nguvu kupita kiasi ni faulo, ya kawaida mchezo unaendelea.

SWALI: Charge, fee, fine, fare, levy, price. Mwalimu nafanya biashara ya miamala ya simu Buzuruga, wateja wageni wananichanganya.

JIBU: Price ni bei ya kitu unachobeba ukaondoka nacho, gunia la mchele, kitenge. Charge ni unachodai kwa kufanyiwa jambo, kwa hiyo kwa fundi cherehani, kinyozi, wakala kama wewe, swali ni "how much do you charge?" na siyo "what is your price?", hilo la pili ukimuuliza mtu vibaya unaweza kula kofi. Fee ni ya shule au ya mtaalamu, wakili na daktari. Fare ni nauli, fine ni faini.

Levy ndo inakugusa zaidi. Yale makato ya kampuni ya simu ni charge, ila ile tozo ya miamala ya Julai 2021 iliyowafanya watu waanze kutumiana hela kwa makondakta ilikuwa levy, ya serikali. Mteja akikuuliza "what are the charges?" mwonyeshe lile bango la makato ukutani. Kuna na service charge, ile ambayo mpaka 2016 wateja wa umeme wa T1, lile daraja la matumizi ya kawaida, walikuwa wanakatwa 5,520 kila mwezi hata kama nyumba imefungwa, watu hawakuwa wanaijua kwa jina lakini kelele zake mtaani si mnazikumbuka.

SWALI: Kwenye zahanati yetu tunasema "inchaji". Ni Kiswahili au tunaharibu?

JIBU: Inchaji ni Kiswahili cha kazini na hamharibu kitu, kwenye barua tu andika mganga mfawidhi. Ila mkiandika Kiingereza angalieni "the". "The nurse is in charge of the child" nesi ndo mkubwa. "The child is in the charge of the nurse" mtoto yuko chini ya nesi. Ukiidondosha hiyo the ya kabla ya charge kwenye ripoti umemfanya mtoto wa miaka miwili kuwa inchaji wa wodi. Na msishangae yaya akisema "my charges", anasema wale watoto anaowalea, siyo madeni yake.

SWALI: Mi ni MC. Kwenye harusi moja mzee aliyeishi Uingereza alishika maiki akasema "please charge your glasses", ukumbi mzima kimya.

JIBU: Jazeni glasi tunywe kwa afya ya maharusi. Basi. Ni ile ile ya kupakia, safari hii ni soda na shampeni.

SWALI: Mwalimu niko mwaka wa kwanza unesi, nafanya mafunzo hapa hapa Mwanza. Discharge inanitesa. Mara mgonjwa yuko discharged, mara daktari anaandika "patient has discharge", mara kaka yangu kwenye kesi yake aliambiwa discharged.

JIBU: Dis ni kuondoa, kwa hiyo ni kutua mzigo. Mgonjwa akiwa discharged ameruhusiwa, hospitali imemtua. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ana discharge hapo ni majimaji au usaha unaotoka mwilini, sikioni, kwenye kidonda, ukeni, na lazima useme unatoka wapi, rangi gani na harufu ipoje, usiandike discharge ukaishia hapo. Hizo mbili ukizichanganya kwenye faili mtu anarudishwa nyumbani na kidonda chake. Meli ikishusha shehena Mwanza South nayo inadischarge, MV Mwanza ile mpya imejengwa kwa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kwa hiyo kutua mzigo hapo siyo mchezo.

La kaka yako lisikilize vizuri. Mahakama ikisema discharged, mara nyingi ni pale upande wa mashtaka umeondoa kesi, ameachiwa lakini anaweza kukamatwa na kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Acquitted ndo kuachiwa kwamba hana hatia. Wako wanaochinja mbuzi siku ya discharge na wiki inayofuata wanapigiwa simu kutoka sero. Mwambie amuulize wakili wake ni ipi kati ya hizo mbili.

SWALI: Mwalimu nachora mabango hapa Makoroboi. Mteja wa saluni ya kiume kaniambia niandike "FREE CHARGE" maana anachajia wateja simu bure wakisubiri kunyolewa. Kuna mwanafunzi kapita kasema nimekosea. Rangi nimeshaanza.

JIBU: Mwanafunzi yuko sahihi. "Free of charge" ni bila malipo, ukiandika FREE CHARGE mtu mwenye Kiingereza chake anaweza kufikiri kunyoa kwenyewe ni bure na hapo mteja wako atagombana na watu kila jumamosi. Andika FREE PHONE CHARGING. Kama FREE CHARGE umeshaimaliza hujaharibu sana, ongeza tu ING mwishoni ila hiyo E ifute, na chini yake weka kwa herufi kubwa kuliko hizo za juu TUNACHAJI SIMU BURE UKINYOA.